Sanaa Isingoje Rangi za Dukani

Yapo mazoea mabaya ambayo leo tunataka kuyataja bila kificho. Somo la sanaa linapozungumzwa shuleni, jambo la kwanza kuulizwa ni fedha za rangi na brashi. Zisipopatikana, kipindi hugeuzwa kuwa cha kufyeka majani, na mtoto hurejea nyumbani mikono mitupu. Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake. Nafasi hiyo itabaki ya maandishi tu iwapo tutaendelea kungoja duka.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, ni nchi ya pamba. Mkulima wake aghalabu hushika fedha za kutosha pale tu msimu wa ununuzi ufunguliwapo. Kumdai rangi za mtoto mwezi Februari ni kumkamua ng'ombe asiye na ndama.

Dawa ipo: picha za kubandika, ambazo wasanii huziita kolaji. Wapo wadhanio kuwa huu ni mchezo wa Wazungu, kwa kuwa mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kitambaa cha nta kwenye picha yake huko Ufaransa na kuizungushia kamba. La hasha! Wacheza ngoma wa Kisukuma, Wagika na Wagalu, wameunganisha ngozi, manyoya, shanga, njuga na kauri katika mapambo yao kwa vizazi vingi. Na kauri hazipatikani ufukweni mwa Ziwa Victoria. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikaletwa bara na misafara ya biashara. Ndugu zetu wa visiwani watambue, basi, kwamba bahari yao imo katika pambo la Msukuma. Tena, mwaka 1968 mjini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga hakungoja vifaa vya ng'ambo. Alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na jina lake likaenea ulimwenguni.

Sasa tuseme la vitendo. Boksi kuukuu ndilo ubao. Uji mzito wa unga wa muhogo ndio gundi. Mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani, nyuzi za magunia, maganda ya pamba na udongo wa rangi mbalimbali ndivyo vifaa. Visiwani yapo makumbi, ukindu na vipande vya kanga. Vyepesi vibandikwe kwanza, vizito vifuate, na kazi ikaushwe kivulini. Kisha itundikwe pakavu, maana mende hupenda gundi ya unga. Jambo moja tunalikataza: mbegu za pamba zilizotiwa dawa kwa ajili ya kupandwa zisiguswe na watoto kamwe.

Wala tusieleweke vibaya. Serikali isijifiche nyuma ya uji wa muhogo. Mikasi haioti shambani, na mwalimu asiyefundishwa kazi hii hawezi kuifundisha. Hayo ni wajibu wa maofisa wetu wa elimu. Lakini wakaguapo shule, wasiulize makopo mangapi ya rangi yamenunuliwa. Waulize kazi ngapi za watoto zimetundikwa ukutani. Ukuta mtupu hauna udhuru katika nchi yenye pamba, udongo na mikono.