Miguu Hupimwa kwa Saa, Tabia Hupimwa kwa Nini?

Sagana si mbali nasi watu wa pwani kama wengi wanavyodhani. Mto unaopita hapo hushuka kutoka Mlima Kenya, ukachanganyika na mito itokayo milima ya Nyandarua, ukawa ndio Mto Tana, na Tana nao hautui mzigo wake ila Kipini, kwenye Bahari ya Hindi. Kwa miaka na dahari tumekuwa tukipokea maji ya huko juu bila ya kuuliza habari za wenyewe. Leo, ndugu msomaji, tuupande mto huo tukasikilize watu wa huko wanabishana nini, kwani ubishi wao una funzo kwa kila mwenye mtoto.

Sagana ni mji mdogo ulio njiani baina ya Nairobi na Nyeri. Reli ya kwenda Nanyuki hupita hapo, na karibu yake pana mabwawa ya serikali ya kufugia samaki, kwa hivyo msafiri mwenye njaa aghalabu husimama akala samaki wa kukaanga. Na penye watu wanaosubiri sahani hapakosi gumzo. Kama baraza za Mombasa zilivyokuwa zikikesha kubishana juu ya Feisal, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, ndivyo watu wa Sagana, Karatina, Nyeri na Nyahururu wanavyobishana juu ya wakimbiaji wao. Swali la kwanza ni jepesi: nani bora kuliko wenziwe? Likishajibiwa huzaa la pili, nalo lina uchungu: mtu akishinda uwanjani kisha akashindwa nyumbani, je, tumhesabu mshindi? La tatu ndilo zito kupita yote: katika vijana wanaochipukia leo, nani atafika, na afikapo atabaki mtu?

Tuanze na la kwanza. Wako wanaomtaja John Ngugi, askari wa jeshi kutoka Nyahururu, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5, nne kati ya hizo zikifuatana tangu 1986 hadi 1989, na ya tano mwaka 1992. Wengine humtaja Charles Kamathi, polisi mzaliwa wa Nyeri, ambaye mwaka 2001 huko Edmonton alimshinda Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mita 10,000, mbio ambazo dunia nzima ilikuwa imeshazoea kumwachia Haile peke yake.

Wenye kuwatetea kina mama hawana kazi kubwa. Wao hutaja jina moja tu, Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, aliyejiunga na Idara ya Magereza akiwa msichana. Alishinda marathoni ya Boston mara 4, katika miaka ya 2000, 2001, 2004 na 2005. Akawa bingwa wa dunia Paris mwaka 2003 na tena Osaka mwaka 2007. Mwaka 2001, kule Chicago, alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, na hapana mwanamke duniani aliyekuwa amefika huko kabla yake. Olimpiki mbili, ya Athens mwaka 2004 na ya Beijing mwaka 2008, alirudi na medali ya fedha.

Nasi wa pwani tuna haki ya kutia neno, kwani Douglas Wakiihuri, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1987 mjini Rome na mshindi wa pili Seoul mwaka 1988, alizaliwa Mombasa. Jamaa wa mlimani humdai kwa nasaba, sisi tunamdai kwa kitovu. Tugawane.

Lakini mazungumzo hayendi mbali kabla ya kutajwa Samuel Wanjiru, na atajwapo yeye sauti hubadilika. Wanjiru alizaliwa Nyahururu mwaka 1986. Alikuwa na miaka 15 tu alipochukuliwa kwenda Japani, akatiwa katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei, kisha akaingia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya mkufunzi Koichi Morishita, aliyekuwa mshindi wa pili wa marathoni ya Olimpiki ya Barcelona. Mwaka 2007 alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 58 na sekunde 33. Tarehe 24 Agosti 2008, katika joto la Beijing ambalo wajuzi walisema litawalazimisha watu kwenda polepole, yeye alitoka mbio tangu mwanzo kama aliyeitwa kwa dharura. Alimaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki iliyokuwapo, ya Carlos Lopes wa Ureno tangu mwaka 1984, ilipunguzwa kwa karibu dakika 3. Kenya, yenye wakimbiaji wote ilio nao, ilikuwa haijapata kuitwaa dhahabu ya marathoni ya wanaume hata siku hiyo. Naye alikuwa na miaka 21.

Mwaka 2009 alishinda London na Chicago. Oktoba 2010 akashinda Chicago tena, baada ya kupambana na Tsegaye Kebede wa Ethiopia mpaka mita za mwisho. Mara mbili mfululizo alitwaa ubingwa wa marathoni kuu za dunia, na kila ubingwa ulikuwa na zawadi ya dola 500,000. Hebu tazama, msomaji: kijana ambaye wenziwe wa umri wake wangali wanatafuta kazi ya kwanza, yeye ana mali ambayo mzee wa kijiji hakuiona maishani mwake wala hakupata kuisikia.

Desemba ya mwaka huo huo wa 2010 alifikishwa mahakamani, akishitakiwa kutishia kumuua mkewe na kuwa na bunduki bila ya kibali. Alikana mashitaka. Mkewe baadaye aliyaondoa malalamiko yake, wakapatana hadharani. Tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafa. Alikuwa na miaka 24. Namna alivyoanguka imezua maneno mengi, na mtu wa insafu hahukumu jambo ambalo hakulishuhudia.

Hapa ndipo wabishani hugawika mafungu mawili. La kwanza husema: mkimbiaji anahesabiwa kwa mbio zake, na mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Saa haiulizi mtu amelala wapi jana. La pili husema: kijana ni kioo cha vijana, na asiye na adabu hastahiki kutajwa mbele ya watoto, hata angekuwa na mabawa. Kila fungu lina ukweli wake, na kila moja limekosea. La kwanza limesahau kwamba kutishiwa kwa mke si jambo dogo la kufunikwa kwa medali. Aliye nyumbani na hofu haondolewi hofu yake na rekodi ya dunia. La pili nalo linataka kumvua marehemu ushindi alioutoka jasho mbele ya macho ya dunia. Mbio za Beijing zilikimbiwa, na zitabaki zimekimbiwa. Tusimtakase mtu kwa kasi yake, wala tusimnyang'anye kasi yake kwa makosa yake.

Mimi naona ubishi huo umechelewa kuanza. Tabia ya mkimbiaji inajadiliwa akishakuwa bingwa, tena aghalabu akishaharibikiwa, ilhali ingepasa kuulizwa siku ile ya kwanza anapopimwa kwa saa. Wazee wetu wamesema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mkunje akisha kukauka, kisha umlaumu akivunjika.

Tutazame jinsi wa kale walivyoinuka. Karibu na Nyeri, huko Kiganjo, kipo chuo cha polisi ambako Kipchoge Keino alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Keino alikuwa polisi, Ngugi mwanajeshi, Kamathi polisi, Ndereba wa Magereza. Hawa wote, kabla ya kuwa mabingwa, walikuwa wafanyakazi wenye sare, wakubwa wa kuwatii, saa ya kuamka na mshahara wa kila mwezi. Na katika zama za Keino sheria za riadha hazikumruhusu mkimbiaji kupokea fedha za ushindi. Sisemi sare humfanya mtu kuwa mwema, kwani sote tunajua hivyo sivyo. Nasema kwamba palikuwa na mtu wa kumwuliza kijana: jana ulikuwa wapi?

Na hata huko hapakukosa upungufu. Mwaka 1993 mpimaji wa dawa zilizokatazwa alimfikia Ngugi nyumbani bila ya taarifa, naye akakataa kupimwa. Akafungiwa miaka 4, adhabu ambayo iliondolewa mwaka 1995 kwa kuangaliwa hali yake ilivyokuwa. Bingwa wa Olimpiki alipoteza miaka yake ya mwisho ya nguvu pasi na kupatikana na dawa yoyote mwilini, kwa sababu hakufunzwa ipasavyo kwamba mgeni wa namna hiyo akibisha hodi hafukuzwi. Leo kanuni ni kali zaidi: mkimbiaji mkubwa hutakiwa kueleza kila siku atakuwa mahali gani kwa saa moja maalumu, na akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 hufungiwa. Kwa hivyo hata mwenye kudai kuwa mambo ya nje ya uwanja hayahusu mbio, kanuni zenyewe zimeshamkanusha.

Siku hizi kijana wa mlimani ana njia nyingine. Shule na makampuni ya Japani hutafuta vijana wa Kenya kwa ajili ya mbio zao za kupokezana, ambazo Wajapani wanazipenda kama sisi tunavyopenda mpira. Mawakala wa Ulaya nao wana kambi zao. Wanaochagua hutazama hatua, pumzi na dakika. Ni haki yao, kwani hiyo ndiyo bidhaa waijiayo. Lakini wazazi na walimu wakitazama hayo hayo tu, nani atakayetazama yaliyobaki?

Haifai kuilaumu Japani. Huko Wanjiru alipata ratiba, mahali pa kulala, chakula kwa wakati, na mwenyewe alikuwa akisifu somo la kustahimili alilofundishwa. Wakiihuri alikwenda huko mwaka 1983, akalelewa na mkufunzi mzee, Kiyoshi Nakamura, aliyejulikana kwa ukali. Nakamura alifariki mwaka 1985. Miaka miwili baada ya hapo mwanafunzi wake akawa bingwa wa dunia, kisha akashinda London mwaka 1989 na New York mwaka 1990. Mwalimu alikuwa ameshaondoka, na mafunzo yamebaki. Hapo ndipo tunapoona tofauti ya adabu iliyoandikwa kwenye ratiba ya kambi na adabu iliyokwisha kuingia moyoni. Ya kambi huishia langoni, na kijana akirudi nyumbani na fedha zake hukuta mji mzima unamwita kwa jina, na wanaomsifu ni wengi kuliko wanaomwonya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi hatumsikii mtu akiwalaumu wasifiaji.

Basi mzazi wa Karatina au wa Kirinyaga, anayejiwa na mtu mwenye saa mkononi akimsifia mwanawe, na amwulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, mkataba huu umeandikwa kwa lugha gani, na nani asiye na faida ndani yake atakayetusomea? Pili, fedha zitawekwa wapi, na nani atazihesabu pamoja na mtoto mpaka ajue kuhesabu mwenyewe? Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Tatu, siku atakayoumia goti, au atakaposhindwa mara tatu mfululizo, ni nani atakayempigia simu? Wakala akikosa jibu la swali hili la tatu, huyo amekuja kununua miguu, na aliyoikuta ni ya mwana wa watu.

Na sisi wa pwani tusidhani kwamba haya ni ya mlimani tu. Vijana wetu wanaopelekwa Ghuba kutafuta kazi, na wale wanaochukuliwa na timu za mpira wangali wadogo, hupimwa kwa vipimo hivyo hivyo, na mikataba yao husomwa kwa haraka ile ile.

Ama swali la nani bora, wabishani wa Sagana wanaweza kuendelea nalo mpaka samaki waishe. Mimi ningetaja jambo moja tu. Mwezi Agosti 2008, katika mji mmoja wa Beijing, wana wawili wa nyanda hizo walikimbia marathoni wakipishana siku 7. Mmoja alikuwa na miaka 21, akapata dhahabu. Mwingine alikuwa mama wa miaka 36, akapata fedha, sekunde 22 nyuma ya mshindi. Miguu ya yule kijana ilikuwa na zawadi ambayo haipatikani kila kizazi, na bado ilihitaji mtu mzima wa kwenda naye.