Vinundu Visivyoonekana Jangwani

Ng'oa shina la kunde, kung'uta udongo, utaona vinundu vidogo vimeng'ang'ania mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu kama nyama. Humo wanaishi bakteria waitwao rizobia.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini chembe zake zimeshikana kwa nguvu mno hata mmea hauwezi kuzitumia. Viwanda vya mbolea huziachanisha kwa joto la nyuzi 400 na zaidi. Rizobia hufanya kazi hiyo hiyo kimyakimya, kwa malipo ya sukari ya mmea. Wekundu ule ni wa protini iliyo jamaa ya ile ya damu yetu; huidhibiti oksijeni isiharibu kimeng'enya cha bakteria.

Sasa chimba chini ya meskiti, mti wa jamii ya kunde unaoota katika jangwa la Sonora, Amerika Kaskazini. Utatokwa jasho bure. Karibu na uso wa ardhi ni nadra kupata kinundu. Udongo umekauka, jua limeuchoma.

Majani, hata hivyo, yalitoa siri. Naitrojeni ipo nyepesi na nzito, na kwa kawaida udongo una nzito nyingi kuliko hewa. Miaka ya 1980 watafiti walipima naitrojeni nzito katika majani ya meskiti na ya mimea jirani isiyo na rizobia, wakakadiria kwamba karibu nusu ya naitrojeni ya meskiti ilitoka hewani. Sasa nani aliyekuwa akiipika?

Jibu lilikuwa chini kabisa. Huko California, chini ya meskiti, rizobia walipatikana kwa wingi kwenye kina cha mita 4 hivi, karibu na maji ya ardhini. Nchini Senegal, chini ya aina ya mgunga, walifika mita 34. Mzizi unaofuata maji huwakuta wapishi wake huko huko.

Wakazi wa Baringo, Kenya, wanamjua ndugu wa meskiti: mathenge, aliyepandwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, kisha akavamia malisho. Ukimkata huchipua tena. Mti wenye kisima na jiko lake ardhini hausubiri mvua wala samadi ya mtu.