Kabla Mwamuzi Hajainua Uso

Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, mara nyingi kijana anayepanda jukwaani na fidla yake huwakuta waamuzi wameinamia karatasi. Hawajampuuza. Wanamalizia maoni kuhusu aliyemtangulia, na maoni hayo ni haki ya mwenzake. Asiyelijua hilo huanza kupiga papo hapo, na mistari yake ya kwanza, pengine ile aliyoifanyia mazoezi kuliko yote, hupita hakuna aliyeisikiliza. Anayelijua hutoa heshima kwa kuinamisha kichwa, akatulia, akangoja ishara.

Adabu za jukwaani mara nyingi hufundishwa kama mapambo: viatu ving'ae, tabasamu lionekane. Naona tunawapunja vijana tukiishia hapo. Adabu hizi zipo ili mwamuzi apate kusikia na mpigaji apate kupumua. Mpiga piano aliyekuta kiti kimewekwa kwa urefu wa mtu mwingine ana haki ya kukirekebisha bila haraka. Mpiga fidla huweka nyuzi sawa akiwa bado nyuma ya jukwaa, kisha huzihakikisha kwa sauti ya chini pamoja na piano.

Mtihani mkubwa ni kosa. Noti ikiponyoka, vidole hutaka kurudi kuirekebisha na uso hukunjamana. Lakini noti hiyo imeshapita, tena upesi. Kuirudia ndiko kunakovunja mapigo ya wimbo. Uso nao humwarifu hata mwamuzi aliyekuwa akiandika na hakusikia kitu. Ndiyo maana mwalimu makini humchagulia mwanafunzi vituo ndani ya wimbo, sehemu anazoweza kurukia na kuendelea kumbukumbu ikikatika, na huvifanyia mazoezi kama noti zenyewe.

Hesabu ya alama inaunga mkono jambo hili. ABRSM, bodi ya Uingereza inayotahini vijana wa Nairobi na Dar es Salaam pia, ilianzisha mwaka 2020 mtihani wa kupiga vipande vinne mfululizo. Jumla ni alama 150: kila kipande 30, na 30 zinazobaki ni za onyesho zima. Noti iliyokosewa hupunguza kidogo kwenye kipande chake. Wimbo uliosimama na kuanzwa upya hugusa kipande, kisha hugusa na hizo 30 za mwisho.

Mwisho wa wimbo nao una kazi yake. Upinde ubaki juu, mguu ubaki kwenye pedali, mpaka sauti ififie yenyewe. Anayeshusha mikono upesi huikata noti aliyoiendea safari yote. Kisha heshima tena, na mkono kumwelekea anayemsindikiza kwa piano, kwa kuwa makofi ni ya wote wawili.

Haya yote yanahitaji mazoezi ya miguu: kuingia, kusimama, kungoja, kutoka. Wiki ya mwisho, mwalimu na akae nyuma ya meza na kalamu, aandike kweli, amwache mwanafunzi asubiri.