Maji Yanapojaa: Namna ya Kuwatazama Ndege wa Pwani bila Kuwafukuza

Asubuhi ya bamvua, inapokaribia saa 4, bahari inayoizunguka Mafia huwa imerudi mbali. Wanawake hushuka na ndoo zao kuokota kome, na wachokoaji wa pweza hutembea juu ya miamba wakiwa na fimbo mkononi. Kando yao, juu ya mchanga na matope yale yale, huwapo mamia ya ndege wanaotafuta riziki kwa mtindo wao: wapo wanaokimbia hatua tatu na kusimama ghafla, wapo wanaopindua vijiwe, na wapo wanaochomeka midomo mirefu matopeni hadi machoni. Saa chache baadaye maji hurudi. Watu hupanda nyumbani na ndege hupanda kutafuta mahali pakavu pa kupumzika.

Makala haya yanaeleza ndege hao ni akina nani, ni wakati gani wanaonekana vizuri, na kwa nini saa ile ya maji kujaa, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtazamaji, ndiyo pia yenye madhara makubwa kwao iwapo watasumbuliwa.

Wageni na safari zao

Walio wengi kati ya ndege hawa hawazaliwi Mafia. Huanza kuwasili mwezi Agosti na Septemba, hukaa msimu wote wa kaskazi, na huondoka mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei kwenda kutaga. Katika aina nyingi, wale wa mwaka wa kwanza hawaondoki na wenzao. Hubaki pwani wakati wa kusi, wakisubiri kukomaa. Ndiyo sababu ndege wachache huonekana hata mwezi Julai.

Miongoni mwao yumo ndege mdogo mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi, lakini hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia, karibu na Bahari ya Aktiki. Anapokuwa Mafia huwa wa kijivu hafifu. Ikifika Aprili, baadhi yao huanza kugeuka rangi ya matofali, dalili ya kwamba safari imekaribia.

Mwingine ni sululu, mkubwa zaidi, mwenye mdomo mrefu uliopinda anaoutumia kuwatoa kaa mashimoni. Wapo pia ndege wenye midomo mifupi na macho makubwa, ambao hawachimbi bali hutazama, hukimbia na kudonoa. Tofauti hizo za midomo zina maana. Mdomo mrefu hufikia minyoo iliyo chini sana, na mfupi huokota vilivyo juu. Hivyo aina nyingi huweza kula katika fungu moja la mchanga bila kunyang'anyana chakula.

Anayetafutwa zaidi na watazamaji ndege kutoka nje ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama koleo. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na chakula chake kikuu ni kaa. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na kaskazini mwa Somalia. Tabia yake ya kutaga ni ya pekee: huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo hupata sehemu kubwa ya joto lake kutoka kwenye mchanga wenyewe. Kinda hulelewa ndani ya shimo hilo. Hata baada ya kuruka hadi Afrika Mashariki, kijana wa ndege huyu huonekana akimfuata mzazi wake na kumlilia chakula.

Kwa sababu ya utajiri huo, mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliosainiwa nchini Iran mwaka 1971.

Saa ya maji ndiyo saa ya ndege

Anayetaka kuwaona ndege wa pwani hana budi kuangalia mwezi kwanza. Katika mwambao huu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupwa sana katikati ya asubuhi na kujaa sana kwenye saa 10 alasiri. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali, na mtazamaji huona nukta tu. Maji yanapopanda, kila fungu linalofunikwa huwasogeza karibu na nchi kavu. Mwishowe hubaki sehemu chache tu zisizofikiwa na maji: ncha ya mchanga, kisiwa kidogo, au matawi ya mikoko. Hapo hukusanyika pamoja, wakubwa kwa wadogo. Kwa siku za bamvua, afikaye mahali pake saa 8 mchana na kutulia atawaona wakija wenyewe, kundi baada ya kundi, bila yeye kusogea hata hatua moja.

Saa ya mapumziko isivunjwe

Ndege waliokusanyika wakati maji yamejaa hawawezi kula, kwa kuwa chakula chao kiko chini ya maji. Wanachofanya ni kulala, kupanga manyoya na kutunza nguvu. Kila wanapolazimika kuruka, hutumia mafuta ya mwili waliyoyapata kwa kazi ya saa nyingi. Mwezi Machi na Aprili hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mafuta hayo ndiyo akiba ya safari. Ndege anayeondoka akiwa amekonda anaweza asifike, au akafika akiwa hana nguvu ya kutaga. Hakuna mtu wa Mafia atakayeuona mzoga wake. Kitakachoonekana ni kundi dogo zaidi mwaka unaofuata.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwezi Oktoba 2024, katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini inayotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, aina 16 za ndege wa ufukweni wanaohama zilihamishiwa kwenye daraja la hatari kubwa zaidi kuliko awali. Yule mdogo wa Siberia ni mmojawapo. Ndege hawa huhitaji usalama katika kila kituo cha njia yao, na Mafia ni mojawapo ya vituo hivyo.

Mtazamaji mwema huzingatia mambo yafuatayo:

1. Afike kabla ya ndege, yaani saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, na akae chini au asimame kando ya mti.

2. Asikaribie kundi lililopumzika. Umbali wa mita 100 au zaidi ni wa busara, na darubini ya kawaida inatosha.

3. Asome dalili. Ndege wakiinua shingo wote kwa pamoja, wakiacha kupanga manyoya au wakianza kutembea kwenda upande mmoja, amekwisha kukaribia mno. Arudi nyuma taratibu.

4. Awe na jua mgongoni, ili rangi na umbo la mdomo vionekane.

5. Asiruhusu mbwa wala watoto kukimbia kuelekea kundi, na asirushe droni juu yake. Urushaji wa droni huhitaji kibali cha mamlaka husika.

Maelekezo haya hayamzuii mvuvi kupita na ngalawa yake wala mwanamke kushuka pwani na ndoo. Mtu anayepita kwa mwendo wa kawaida, akiendelea na kazi yake, mara nyingi huwastua ndege kidogo kuliko mgeni anayewafuata moja kwa moja akiwa na kamera.

Nafasi ya wananchi

Msimu wa ndege hawa unakwenda sambamba na ule wa papa potwe, ambao huwavutia wageni Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Mgeni aliyekwenda baharini asubuhi mara nyingi hana shughuli alasiri, na katika siku za bamvua ndio wakati ndege wanapokusanyika. Kazi ya kumwongoza haihitaji boti wala mtaji mkubwa. Inahitaji mtu anayejua maji yatajaa saa ngapi, ni fungu lipi hufunikwa mwisho, na ni njia ipi ya kupita bila kukanyaga matope mazito. Ujuzi huo wanao wavuvi, wachokoaji wa pweza na vijana waliokulia pwani. Kilichobaki ni kujifunza majina na kuwa na subira.

Njia rahisi ya kuanza ni daftari. Mwongozaji aandike tarehe, hali ya maji, mahali na idadi. Kundi kubwa halihesabiwi ndege mmoja mmoja: huhesabiwa kumi, mtazamaji akaona kumi wanachukua nafasi gani, kisha akapima kundi zima kwa kipimo hicho. Kumbukumbu za miaka kadhaa kutoka mahali pamoja zina thamani kubwa. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu mwaka 1967, hujengwa kwa kazi ya namna hiyo.

Utaratibu wa kuzingatia

Wageni wanaoingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hulipa kiingilio cha hifadhi na kupewa stakabadhi ya serikali. Nje ya hifadhi, mwongozaji anashauriwa kutoa taarifa katika ofisi ya serikali ya kijiji kabla ya kupeleka wageni ufukweni. Kuwinda au kuwatega ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, na haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Aidha, mwananchi anayekuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja asiwaguse wala asiwapeleke nyumbani kwa kitoweo. Atoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata au kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa magonjwa ya ndege yanaweza kuwafikia kuku na hata binadamu.

Ndege aliyepumzika juu ya fungu la mchanga mwezi Machi haombi chakula wala ulinzi wa gharama. Anahitaji saa chache za utulivu, mpaka maji yapwe tena na yeye arudi kazini.