TIMU ZA MAJESHI KATIKA LIGI YA DARAJA LA CHINI

Msimamo wa ligi ya daraja la chini huonyesha pointi na mabao. Hauonyeshi nauli, malazi wala siku ya mshahara, ingawa mambo hayo matatu huishusha timu sawasawa na mlinda mlango dhaifu.

Mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, unalidhihirisha jambo hilo. Mcheza mpira wa Chisenga, kisiwa cha wavuvi katika wilaya ya Nchelenge, hana budi kupanda mashua kwanza ndipo aifikie barabara. Toka Nchelenge hadi Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, ni zaidi ya kilomita 200. Hadi Lusaka, kwa njia ya Serenje, ni kiasi cha kilomita 1,000. Mwaka 2019 kanda za daraja la kwanza nchini humo ziliunganishwa kuwa ligi moja ya taifa, na safari zikarefuka. Tena, kila mwaka uvuvi hufungwa toka tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Amri hiyo ni ya busara, lakini miezi hiyo ndiyo katikati ya msimu wa kandanda. Timu itakayoishi kwa michango ya wavuvi itakaukiwa wakati ratiba inaidai zaidi, na ratiba haingoji samaki.

Timu ya jeshi haipatwi na ukame huo. Mchezaji wake aliye askari hulipwa mshahara mvua inyeshe isinyeshe, na nidhamu ya kambi humtosheleza kocha nusu ya kazi. Hapana ajabu, basi, kwamba Green Buffaloes ya jeshi la Zambia ilitwaa ubingwa mara sita kati ya 1973 na 1981, na kwamba Red Arrows ya jeshi la anga iliupata mwaka 2004 na tena mwaka 2024.

Hata hivyo, mshahara haufungi mabao. Jirani, nchini Tanzania, msimu wa 2022/23 ulitoa ushahidi wa pande zote mbili. Katika ligi ya Championship, iliyo chini ya Ligi Kuu, JKT Tanzania ilipanda daraja. Mashujaa ya Kigoma, nayo ya jeshi, ikapanda kwa mechi za mchujo dhidi ya Mbeya City. Msimu huo huo Polisi Tanzania na Ruvu Shooting, timu zenye sare nyuma yake, zilishuka kutoka Ligi Kuu.

Tofauti huonekana baada ya kushuka. Askari hurudi kikosini na kazi yake ipo. Mchezaji wa timu ya mji huenda akapoteza mkate wake, na mji ukapoteza timu. Si haki kuyalaumu majeshi kwa kutunza timu zao vizuri. Wanaopaswa kuulizwa ni wapangaji wa ligi: kwa nini timu za mikoa ya mbali zisicheze kwanza kanda kwa kanda, zikakutana kitaifa mwishoni tu? Kwa Nchelenge, mpango huo ungeiweka mechi ya ugenini Mansa au Kawambwa, ambako basi hufika na kurudi kwa gharama inayobebeka.