Kumwogesha Mgonjwa Nako ni Matibabu

Medicaid, mpango wa serikali ya Marekani wa kugharimia matibabu ya watu wenye kipato kidogo, ulianzishwa mwaka 1965, na kila jimbo huuendesha kwa masharti yake ndani ya sheria ya taifa. Majimbo mengi yamewaachia mlango wazee na walemavu ambao kipato chao kimezidi kiwango lakini ugonjwa unakimaliza. Mtu wa namna hiyo hubeba kwanza gharama za matibabu hadi kiasi alichopangiwa, ndipo Medicaid ilipe zinazobaki. Huko California, mwaka 2025, mzee anayeishi peke yake mwenye kipato kinachohesabika cha takriban dola 1,800 kwa mwezi hakutakiwa kuchangia kitu. Akizidisha dola 10 tu, na asiwe na makato mengine, hesabu iligeuka: aliachiwa dola 600 za kujikimu, na dola 1,210 zikawa mchango wake wa mwezi. Hizo 600 hazijaongezwa kwa zaidi ya miaka 30, ingawa kodi za nyumba zimepanda mno.

Kwa kuwa mzigo ni mkubwa kiasi hicho, ni haki kila gharama halali ihesabiwe. Watu wengi hudhani mchango hutimizwa kwa bili za daktari, dawa na hospitali peke yake, wakasahau fedha wanazomlipa mtu wa kumwogesha mgonjwa, kumvisha, kumlisha na kumpeleka chooni. Kanuni za taifa zinaruhusu kukata gharama za huduma za lazima za kiafya zinazotambuliwa na sheria ya jimbo, hata kama mpango wa jimbo lenyewe hauzilipii. Zaidi ya hayo, kinachoangaliwa ni gharama ambayo mtu amedaiwa, hata kabla hajailipa. Utunzaji wa mwili umo katika orodha ya huduma ambazo majimbo yanaweza kuzilipia kwa fedha za Medicaid. Serikali iliyokubali kuilipia huduma hii kama huduma ya afya haina hoja ya kuikataa pale mgonjwa anapoilipia mwenyewe.

Wapo wanaosema kuoga na kula ni mambo ya nyumbani, si tiba. Lakini aliyepooza kwa kiharusi asipogeuzwa kitandani hupata vidonda, na asiposhikwa akielekea chooni huanguka akavunjika nyonga. Kwake, mkono wa mtunzaji ni kinga sawa na dawa. Wengine wanahofia ndugu kuandikiana risiti za uongo. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni ushahidi: maelekezo ya daktari, mkataba wa maandishi, kumbukumbu za saa na malipo yanayopitia benki. Sheria ya mwaka 2016 tayari imeyataka majimbo yathibitishe kwa njia ya kielektroniki huduma za namna hii zinazolipwa na Medicaid, kwa hiyo kuzikagua si jambo lisilowezekana. Ama hoja kwamba hazina ya umma itaumia, ikumbukwe kwamba mgonjwa anabeba mchango wake wote; kinachobadilika ni kutambuliwa kwa alichokibeba. Na asipomudu kutunzwa nyumbani, ataishia katika nyumba ya uuguzi, huduma ambayo kila jimbo linalazimika kuilipia.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili huko Marekani, zenye mzazi wa kutunzwa, hatua ya kwanza ni kumwomba daktari aandike ni huduma zipi mgonjwa anazihitaji na kwa nini. Mtunzaji naye atoe ankara inayotenganisha utunzaji wa mwili na chakula au malazi, kwa sababu ada ya chumba haihesabiwi. Gharama ambayo bima nyingine itairudisha isiwasilishwe, na msaada wa bure wa ndugu, hata uwe mzito namna gani, hauna bili ya kukatwa. Ofisa akikataa ankara, mwombaji ana haki ya kudai uamuzi wa maandishi na kukata rufaa mbele ya msikilizaji asiyehusika na uamuzi wa awali. Haki hiyo itumike, maana ankara moja ikikubaliwa inaweza kuamua kama mzee atapata dawa zake mwezi huo.