Karatasi iko sawa, freni ni maji ya sabuni

Ku kioo cha mbele karatasi zote zilikuwako: vinyeti, asiranse, na kontroli tekniki yenye muhuri, tarehe yake bado haijapita. Tulikuwa tumepanda Rubaya asubuhi, watu na mifuko pamoja, mimi nikakaa nyuma kabisa karibu na konvoyeri. Tulipopita Mushaki na kuanza kushuka kwenda Sake, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ku kona ya pili shofere akakanyaga freni mara tatu, mara ine, mguu ukafika mpaka chini. Ni mtu wa akili. Hakupiga kelele, alirudisha vitesi kwa nguvu, moteri ikalia, akailaza gari ku udongo upande wa mlima. Mama mmoja akavunjika mkono. Upande wa pili wa barabara ni bonde, na ninyi mnaopita pale mnalijua.

Wakati tulisaidia yule mama kushuka, nikafungua kapo na kuangalia ile chupa ndogo ya huile ya freni. Ndani ilikuwa povu.

"Mukubwa, huile iko bei," konvoyeri akaniambia bila haya. "Tunaweka maji na sabuni ya unga kidogo. Inashikaka tu."

Inashika, ndiyo, mahali pa tambarare. Lakini freni ikifanya kazi inapata moto, na ule moto unaingia mu kile kimiminiko. Huile ya freni ya kawaida, ile wanaandika DOT 3, ikiwa mpya haichemki mbele ya digrii 205. Maji yanachemka ku 100, na huku kwetu juu hata hayafiki hapo: ku milima ya Masisi inayopita mita 2000, maji yanachemka ku digrii 93 hivi. Wamama wanaopika maharagi Mushaki wanajua kwa nini yanachelewa kuiva. Maji yakichemka ndani ya mabomba ya freni yanageuka mvuke, na mvuke ukiukanyaga unajikunja tu. Mguu unaenda chini, gurudumu haisikii kitu. Ukipumzika nusu saa freni inarudi, na shofere anasema ilikuwa shetani.

Mimi si fundi. Nilichimba, nilibeba, na sasa niko mu komite ya sendika yetu. Ndiyo maana tulitafuta fundi mzee, mtu ambaye anafungua Land Cruiser tangu wakati wa Zaire, na tukamwomba aifanyie ile gari kontroli ya kweli: ailaze chini, atoe magurudumu, aandike kila kitu. Mwenye gari alikubali. Sijui kama ni kwa moyo mzuri ao kwa sababu aliona ndugu za yule mama wamekaa mlangoni kwake.

Gari yenyewe mnaijua wote, HZJ75, ile pikapu yenye pua ya mraba. Toyota ilianza kutoa jamaa ya 70 mwaka wa 1984. Moteri ya 1HZ, ya mazuti, selindri sita, lita 4.2, ikaingia mwaka wa 1990, na 75 ikaendelea mpaka 1999 wakati 79 ilichukua nafasi yake. Kwa hiyo hata ile changa kabisa imepita miaka 20. Watu wanaipenda, na wana haki. Haina tirbo, haina kompyuta, inakunywa hata mazuti yenye maji na kulalamika kidogo tu. Ikikufa Kibua ao Mubi, kijana mwenye funguo tatu anaweza kuiamsha. Sisemi gari ni mbaya. Nasema gari nzuri inavumilia mambo mengi mpaka siku haivumilii tena, na siku hiyo sisi ndio tuko juu yake.

Fundi alianza nyuma. Alipotoa gurudumu ya kushoto, hakusema kitu, alitupa tu kitambaa chini. Garnitiri zilikuwa zimelowa. Kwanza, selindri ndogo ya freni ilikuwa inavuja, kwa sababu maji yameizalia kutu na mipira yake imekwisha. Pili, mpira unaozuia huile ya daraja la nyuma ulikuwa umechoka, na huile nzito ya diferansiel ilikuwa inatembea mpaka ndani ya tamburi. Garnitiri yenye kunywa huile haifundishiki tena, unaipiga msasa, unaisafisha na esansi, inarudi vilevile. Upande wa kuume ulikuwa mkavu. Maana yake, ukikanyaga freni kwa nguvu, gari inavutwa upande mmoja. Ku barabara ya matope hiyo peke yake inatosha kuipindua.

Halafu kukawa na jambo ambalo mimi sikulijua. Moteri ya mazuti haina mvuto wa hewa wake wa kusaidia freni, basi ku 1HZ kuna pompi ndogo inayofungwa mgongoni mwa alternateri. Pompi hiyo ndiyo inafanya mguu usichoke. Ile gari ilikuwa imewekewa alternateri ya gari nyingine, haina pompi. Batri inapata moto vizuri, taa zinawaka, kila mtu anafurahi, na tangu siku ile shofere anasimamisha tani tatu kwa nguvu ya paja lake.

"Minajua iko ngumu," shofere alisema. "Minazoea."

Na kuna wale wanaoshuka mteremko na vitesi imetolewa, ao wamezima moteri kabisa, ili wachunge mazuti. Hata kama pompi ni nzima, moteri ikizima msaada wa freni unabaki wa kukanyaga mara mbili tatu, kisha unakwisha. Litre moja waliyochunga, sijui wanaipeleka wapi.

Chini ya kisanduku, lami za resori zilikuwa nyingi kuliko za kiwandani. Waliongeza, tena lami nzito za kamio, ili gari isilale na mzigo. Kila mtu anafanya vile huku. Lakini nyuma ya hizi gari kuna valvu iliyoungwa na daraja kwa fimbo, kazi yake ni kupima: nyuma ikilala, inajua mzigo upo na inatuma nguvu nyingi ya freni nyuma. Ukiongeza lami, gari hailali. Valvu inafikiri gari iko tupu, inapunguza freni ya nyuma wakati ule ule umebeba kupita kiasi. Ku gari yetu fimbo ilikuwa imefungwa na waya tu. Na shasi, pale resori inaposhikia nyuma, ilikuwa na ufa uliochomwa sudi, ufa mwingine ukaanza pembeni ya ile sudi.

Mbele aliinua gurudumu na kriki, akaishika juu na chini, akaitikisa. Ilicheza. Ni zile rulema za juu na chini ya boule, pale gurudumu inapogeukia. Boule zenyewe zilikuwa zinatoka grisi iliyochanganyika na huile, ugonjwa wa zamani wa Land Cruiser, unaanza na mpira wa bei ndogo na kumalizikia ku kardani. Volani ilikuwa na nafasi ya karibu robo ya mzunguko mbele magurudumu hayajasikia.

Moteri aliipitia haraka, isipokuwa ile kuruwa ya distribisio. 1HZ inataka ibadilishwe ku kilometa 100 000, na gari ina taa ya kukumbusha. Lakini kilometa za ile gari zilisimama zamani, taa nayo haina balbu. Ikikatika, moteri inakufa palepale. Radiatere imejaa udongo. Freni ya mkono, kamba tu. Taa za nyuma, hakuna hata moja.

Mistari tisa kwa jumla, na karatasi ya muhuri bado inang'aa ku kioo.

Sheria ipo. Code de la route ya Agosti 30, 1978 haijafa. Shida ni kwamba karatasi yetu inaonyesha tu kama ulilipa. Uingereza, gari ikipita miaka 3 inaangaliwa kila mwaka, na mtu yeyote anaandika namba ya gari ku intaneti, anasoma kila kilichokataliwa: taa, resori, freni, mipira. Si mbali vile tu: Tanzania, abiria anajua stika ya wiki ya Nenda kwa Usalama, na anaweza kuuliza iko wapi. Sisi tunaomba kitu kidogo: fundi wa kontroli aandike alichokuta, na karatasi hiyo ibaki ndani ya gari.

Tufanye sasa hesabu ya mzigo, kwa sababu hapa kosa si la shofere peke yake. Hii pikapu ilitengenezwa kwa tani moja hivi. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, imekwisha. Kisha tunapanda sisi. Watu 15, tuseme kilo 60 kila mmoja, ni kilo 900 zingine, bila kuhesabu ndizi na kuku wa Mama nani. Negosia anapakia kolta yake kwanza, konvoyeri anatupanga juu yake, na kila mtu anapata faida isipokuwa lami.

Na ikianguka? Mfanyakazi wa kampuni ana kontra, ana CNSS, kuna mahali pa kuanzia. Kreseri hana. Kodi ya mine ya 2002, ile iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inadai awe na karta na awe mu koperative, lakini haimfanyi kuwa mfanyakazi wa mtu. Mkono wa yule mama tuliulipia kwa mchango, mfuko ukapitishwa ku shimo. Ndiyo maana sendika inasema: negosia na koperative wanaokodi gari waingize freni ndani ya hesabu ya usafiri. Chupa ya huile ya freni haifiki bei ya kilo moja ya kolta.

Nanyi, mbele ya kupanda, mna haki ya kuangalia. Inama, pitisha kidole ndani ya gurudumu ya nyuma: ikiwa imelowa huile, tafuta gari ingine. Fungua ile chupa, kama kuna povu mnajua sasa ni nini. Mwombe shofere, moteri imezimwa, akanyage freni mara tano, aishikilie, halafu awashe. Mguu unapaswa kushuka kidogo. Usiposhuka, pompi haifanyi kazi. Ukiendelea kushuka polepole mpaka chini, kuna mahali panavuja. Wengine watawacheka. Shofere wa kweli hatacheka, kwa sababu yeye ndiye anakaa mbele.

Yule wetu aliomba karatasi ya fundi, akaibandika kando ya ile ya muhuri. Alternateri yenye pompi ilipatikana Birere, ya mtumba. Selindri za nyuma ni mpya, garnitiri ni mpya, huile ni huile. Mistari mitano imekatwa na biki. Minne bado: rulema za mbele, shasi, kuruwa, taa. Wiki iliyopita alirudi Rubaya na mifuko kumi na watu sita, na negosia alimgombeza sana.